Simulia Shida ya Mnyama, Jeni Zitafuata

Mwenzangu wa maabara akialikwa kuzungumza na watu wasio wanasayansi, karibu kila mara huja kuniuliza: nianzie wapi kuwaeleza DNA? Jibu langu humshangaza. Usianze na DNA. Kazi yangu ni kusoma jeni, yaani maelekezo ya mwili yaliyoandikwa kwenye DNA, za wanyama wa vilindini, na nimeisimulia madarasani, redioni na kwenye siku za wazi za taasisi. Ukifungua kwa ule mchoro wa DNA kama ngazi iliyojisokota, mikono inaanza kutafuta simu. Ukifungua kwa mnyama aliyebanwa na shida, watu wanatulia, na baada ya muda mmoja wao atauliza tu: "Sasa anaishije huko?" Hapo ndipo jeni ziingie, kwa kuwa sasa zinajibu swali lao, si lako.

Mfano ninaoutumia zaidi ni samaki aitwaye kitaalamu Pseudoliparis swirei, mkazi wa Mfereji wa Mariana, magharibi mwa Pasifiki. Alipewa jina hilo mwaka 2017. Anaishi kwenye kina cha mita 7,000 hadi 8,000 hivi. Kila ushukapo mita 10 baharini, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na hewa yote inayotuelemea hapa juu, kwa hiyo yeye amebebeshwa mara 700 au 800 ya mzigo wetu. Giza ni totoro, na baridi ni ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Nikishasema hayo ninanyamaza, kisha nawaomba wasikilizaji wamtengeneze samaki wao wa kukaa pale. Watoto humpa magamba mazito. Watu wazima humpa mifupa minene. Safari moja fundi wa kuchomelea vyuma alisema, "Usimwachie nafasi ya hewa ndani, itamponza." Alikuwa amepatia kabisa: samaki huyu hana kile kifuko cha hewa ambacho samaki wengi hukitumia kuelea.

Kisha naonyesha picha yenyewe, na chumba kinacheka. Samaki ni wa rangi ya waridi iliyofifia, laini, hana magamba, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba ini linaonekana kwa nje. Kinyume cha yote waliyoyabuni. Sasa wako tayari kusikia kwamba jenomu yake, yaani DNA yake yote, iliposomwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2019, jeni moja inayohusika na kukomaza mfupa, bglap, ilikutwa imekatika njiani. Mifupa yake imebaki gegedu kwa sehemu, na fuvu halikufunga lote. Badala ya kushindana na mgandamizo, mwili unauachia upite.

Hapo pia ndipo pa kuwaambia habari za TMAO, kemikali ndogo ndani ya chembe za mwili inayozisaidia protini zisipoteze umbo lake zinapobanwa. Ndiyo hiyohiyo ambayo samaki akianza kuharibika huvunjika na kutoa harufu ya shombo, kwa hiyo kila mtu chumbani anaifahamu kwa pua. Samaki kadiri aishivyo chini zaidi ndivyo anavyokuwa nayo kwa wingi. Lakini ina kikomo: ikizidi sana, mwili unakolea kuliko maji ya bahari na maji yanaanza kuingia ndani. Mwaka 2014 wanasayansi walipiga hesabu wakasema samaki hawataweza kwenda chini sana ya mita 8,200 hivi. Mwaka 2022 kamera iliyoshushwa kwenye mfereji wa Izu-Ogasawara, karibu na Japani, ilimnasa samaki wa jamii hiyohiyo akiogelea mita 8,336. Sioni njia bora ya kumwonyesha mtu jinsi sayansi inavyofanya kazi kuliko hii. Watu walitabiri mpaka kwa kemia, kisha bahari ikawajibu kwa tofauti ya mita mia moja na kitu.

Umeona nimetaja jeni moja tu kwa jina. Hiyo ni kanuni yangu: mazungumzo mamoja, jeni moja yenye jina. Zilizobaki zieleze kwa kazi zinazofanya. Chukua wale samaki wenye chambo cha mwanga kichwani. Katika baadhi ya spishi dume mdogo humng'ata jike na kugandia hapo, nyama ikaungana na nyama, damu ikachanganyika na damu. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na ndugu aliyepandikizwa figo atashtuka mara moja: mbona kinga ya mwili haimkatai? Utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kuwa spishi hizo zimepoteza jeni muhimu za kinga, zile ambazo sisi tukizikosa tunaugua vibaya. Wanajikingaje dhidi ya magonjwa basi? Hilo bado linafanyiwa kazi, nawe liache wazi mbele ya wasikilizaji. Usijaribu kulifunga kwa maneno ya kubahatisha. Swali lisilo na jibu ndilo wanaloenda nalo nyumbani. Samaki mwingine, Diretmus argenteus, ana jeni 38 za ile protini ya jicho inayonasa mwanga hafifu, na mimi na wewe tunayo moja. Hilo unalitaja ukiwa umebakiwa na dakika mbili, na linatosha.

Kuhusu vifaa: peleka kitu cha kushikwa. Mimi hubeba karatasi ya kuchujia iliyokwisha kupitishiwa maji ya bahari, kiduara cheupe kisichojaza kiganja, chenye doa la kahawia katikati, ndani ya kikopo cha plastiki. Inapita mkono kwa mkono. Watu huielekeza kwenye mwanga, huigeuza, hutafuta mnyama wasimwone. Ndipo ninapowaambia kwamba kwenye doa lile mna DNA ya wanyama waliopita majini wakaacha ute, kinyesi na vipande vya ngozi, na sisi tunaisoma kama msasi asomavyo nyayo. Na kama nyayo, ina mipaka yake. Inaweza kukuambia nani amepita, lakini haikuambii kwa uhakika walikuwa wangapi, wala kama alipita papo hapo au mkondo umemleta kutoka mbali. Mipaka hiyo itaje pumzi ileile unayotaja uwezo wake. Ukingoja mpaka uulizwe, utaonekana ulikuwa unaificha.

Picha zinahitaji uangalifu zaidi ya tunavyodhani. Yule samaki wa jamii ya Psychrolutes anayezunguka mitandaoni, mwenye pua iliyoning'inia na uso wa mtu aliyenuna, alipigwa picha juu ya sitaha katika msafara wa mwaka 2003, akiwa amekwisha kufa, nyama imelegea baada ya kuvutwa kutoka kilindini. Mwaka 2013 akapigiwa kura na kuwa mnyama mbaya kuliko wote duniani. Kwake kule chini, maji yakimshikilia, ni samaki wa kawaida mwenye kichwa kikubwa. Nawajua wasemaji wazuri wanaoendelea kumtumia kwa sababu anachekesha. Mimi siwezi. Tunamdhihaki maiti, halafu tunaomba watu wajali makazi yake. Tumia picha za roboti zilizopigwa kulekule chini, hata kama zina ukungu.

Na ukipata nafasi ya kuonyesha kazi ikiendelea, usiiache. Katikati ya mwaka 2025 wanasayansi wa Argentina, wakiwa kwenye meli ya utafiti juu ya korongo la Mar del Plata, walirusha moja kwa moja kila roboti yao ilichokiona. Watazamaji walifurika, na kiti cha pweza mmoja aliyeonekana kama ana makalio akawa gumzo la nchi nzima. Wengi wanasema siri ilikuwa kamera nzuri. Mimi naona siri ilikuwa mazungumzo. Wale wataalamu walicheka, walibishana, walipigana vijembe kwa Kihispania chao cha kila siku, na mara kwa mara mmoja alisema hajui kile ni nini. Mtafiti akikiri hajui mbele ya umma, siku akisema anajua anaaminika.

Sasa swali litakalokuja bila kukosa: "Ina faida gani?" Hapa wengi wetu tunakimbilia dawa. Ni kweli dawa ya saratani ya damu iitwayo cytarabine ilitokana na kemikali za sponji wa Karibi, lakini huyo si wa vilindini. Ni kweli pia kwamba maabara zinatumia vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) vya vijidudu vya chemchemi za moto za baharini. Ila lile dai kwamba vipimo vya korona tulivipata kutoka kilindini lina walakini. Kimeng'enya maarufu cha kunakili DNA katika vipimo vya aina hiyo, Taq, chanzo chake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, nchi kavu kabisa. Usijenge hoja juu ya mchanga. Kuna mtu chumbani mwenye simu.

Mimi hujibu kwa minyoo. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, nyambizi Alvin ilishuka kama mita 2,500 kutafuta chemchemi za moto, ikakuta na wanyama tele. Msafara haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja, maana ulikuwa wa wanajiolojia, na baadhi ya sampuli ilibidi zihifadhiwe kwenye vodka. Miongoni mwa viumbe hao alikuwamo mnyoo mrefu, Riftia, asiye na mdomo wala utumbo. Anakula nini? Fumbo hilo lilifunguliwa na mwanafunzi, Colleen Cavanaugh, aliyekuwa kwenye mhadhara Harvard. Aliposikia kwamba ndani ya mnyoo kuna chembe za salfa, alisimama akasema lazima mna bakteria wanaomlisha. Mwaka 1981 ushahidi wake ukachapishwa. Bakteria hao hutengeneza chakula kwa nguvu ya salfidi ya hidrojeni, ambayo kwetu ni sumu. Angalizo dogo: usiseme wanaishi bila jua kabisa. Oksijeni wanayoitumia ilitengenezwa juu, kwenye mwanga.

Jambo la mwisho ni kuacha mlango wazi upande wa pili pia. Desemba 1938 nahodha wa meli ya uvuvi, Hendrik Goosen, alifika bandari ya East London, Afrika Kusini, na samaki asiyemfahamu. Makumbusho yakapigiwa simu kwa sababu msimamizi wake, Marjorie Courtenay-Latimer, alikuwa amejenga mazoea na wavuvi wa pale. Walijua kuna mtu anayejali wanachokiokota. Samaki yule alikuwa silikanti, wa kundi lililodhaniwa kutoweka miaka milioni 66 iliyopita. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kuwa jeni zake hubadilika polepole, lakini hazikuwahi kusimama. Kwa hiyo kila ninapozungumza naacha njia ya kunipata, na nusu ya muda ni ya maswali. Wavuvi na wapiga mbizi hawaniulizi DNA ni nini. Wananionyesha picha za vitu walivyoviona, na baadhi sivijui.

Siku hizi wanauliza pia jeni hizo ni mali ya nani, hasa zinazotoka kwenye bahari isiyo ya nchi yoyote. Kabla hujapanda jukwaani, soma mkataba wa bahari kuu uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2026. Unagusa moja kwa moja rasilimali za kijenetiki na jinsi manufaa yake yatakavyogawanywa, na wanaouliza hawataki jibu la juujuu.