Maswali na majibu: fremu nyepesi ya chuma kwa baiskeli ya mbio

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu fremu za chuma za baiskeli za mbio, zile zenye mabomba membamba zinazoshuka kwenye makontena ya mitumba zikiwa zimechubuka pande zote, au zinazoletwa na ndugu walioko ng'ambo. Nimefurahi. Nimezishika fremu hizi miaka mingi, na mpaka leo nikiinua moja nzuri kwa vidole viwili moyo unachangamka. Maswali nimeyafupisha. Majibu sikuyafupisha pale ambapo mtu anaweza kupoteza hela au kuumia.

Shikamoo fundi. Kwenye yadi ya mitumba nimeona fremu iliyobanduka rangi, lakini ina stika ya kijani ya Reynolds 531. Muuzaji anaapa kwamba ni nyepesi kuliko aluminiamu. Nitajuaje kama ni ya kweli? (Dar es Salaam)

Marahaba. 531 ni chuma chenye manganizi na molibdeni kilichotolewa na kiwanda cha Reynolds cha Birmingham, Uingereza, mwaka 1935, na kwa miongo kadhaa kilikuwa ndicho chuma cha waendesha mbio. Basi isome stika yote, usiishie kwenye namba. Nyingine hutaja fremu nzima pamoja na foku, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu, nyingine hutaja mabomba makuu matatu tu. Tafuta pia neno butted. Maana yake ni kwamba ukuta wa bomba umenenepa miishoni, kwenye maungio, na umepunguzwa katikati ambako mzigo ni mdogo. Ufundi huo wa Reynolds una hati ya mwaka 1897, na ndiyo siri yenyewe ya wepesi.

Nieleze kwa nini. Vyuma vya fremu, cha bei rahisi na cha bei ghali, vina uzito uleule, karibu gramu 7.8 kwa kila sentimita ya ujazo. Hata ukaidi wao wa kupinda ni karibu uleule. Vinachotofautiana ni nguvu. Chuma dhaifu lazima kiwe kinene ndipo kisivunjike, ila chuma imara unaweza kukipunguza mpaka kiwe kama ganda na bado kikakubeba. Mabomba ya Columbus SL ya Italia, kwa mfano, yalikuwa na ukuta wa milimita 0.9 miishoni na 0.6 katikati. Fremu ya kawaida ya dukani huwa inapita milimita moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa bomba.

Lakini stika hubandikwa na yeyote, kwa hiyo pima. Mwombe muuzaji achomoe nguzo ya siti, uitazame pale chini, karibu na alama ya mwisho wa kuingiza. Mara nyingi pamegongwa namba. Ikiwa 27.2, tabasamu kimoyomoyo. Bomba la siti la fremu nyingi za zamani lina upana wa nje wa milimita 28.6. Toa 27.2, inabaki 1.4, gawanya kwa pande mbili: ukuta ni kama milimita 0.7. Ukikuta 25.4, hesabu ileile inakupa 1.6, na hilo ni bomba la geti hata kama stika imeandikwa kwa dhahabu. 26.2 au 26.4 ni ya katikati, isipokuwa fremu ikiwa ya Ufaransa ya zamani, maana wao bomba lao la siti lilikuwa 28.0, na 26.4 kwao ni nzuri tu. Ndiyo maana uende na vernia ya kupimia nje pia, usitegemee namba ya nguzo peke yake, kwani mwenye baiskeli wa kwanza huenda aliweka nguzo isiyo yake na kuikaza kwa kipande cha kopo.

Ukimaliza, ining'inize kwenye mzani wa wauza samaki bila foku. Fremu nzuri ya saizi 56, yaani sentimita 56 za bomba la siti, hucheza karibu na kilo 2, na iliyo bora zaidi hushuka chini ya hapo. Ikikaribia kilo 3, mwachie. Na hilo la kuwa nyepesi kuliko aluminiamu, muuzaji anakuchangamsha tu. Aluminiamu nzuri kwa kawaida huishinda chuma kwenye mzani.

Nimepata fremu ya saizi 58 kwa bei ya kutupa, nami urefu wangu ni sentimita 168. Nikishusha siti hadi mwisho si itanitosha? (Moshi)

Hapana. Hata ukipewa bure.

Siti hushuka, bomba la juu halifupiki. Utapanda ukiwa umejinyoosha kama mtu anayefikia kapu lililo juu ya kabati, na baada ya saa moja mabega na viganja vitakwambia. Simama peku ukiegemea ukuta, bana kitabu katikati ya mapaja kama vile ndiyo siti, pima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni, kisha zidisha kwa 0.67. Ukipata 79, jibu ni kama 53, na hiyo ndiyo saizi ya kuanzia kutafuta, ikipimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi ncha ya juu ya bomba la siti. Halafu linganisha urefu wa bomba la juu na baiskeli ambayo umeshaipanda ukajisikia vizuri. Fremu ya kilo 2.3 inayokukaa itakufikisha mbali kuliko ya 1.8 inayokuvuta mgongo.

Mimi nakaa karibu na bahari. Chuma si kitaliwa na kutu baada ya mwaka? (Mombasa)

Kutu ya nje isikukoseshe usingizi, unaiona na unaipiga msasa. Ya ndani ndiyo adui, na kwenye fremu nyepesi hofu yako ina msingi: ukuta wa milimita 0.6 hauna akiba ya kuliwa.

Kabla ya kununua, toa nguzo ya siti na umulike ndani kwa tochi ya simu. Geuza fremu, igongegonge kwa mpini wa bisibisi. Vumbi jekundu likimwagika kidogo si kitu, likimwagika na vigamba, rudisha. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya bomba la chini karibu na nyumba ya ekseli ya pedali, mahali maji yanapotuama, na pia juu ya bomba la juu ambapo jasho hudondoka. Rangi iliyovimba kama malengelenge ina kutu chini yake.

Ukishainunua, mimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa ndani ya mabomba, uizungushe fremu taratibu mpaka yapite kila mahali, uache yadondoke na kukauka kwa siku kadhaa. Yanaacha ngozi nyembamba ya kinga. Ukinyeshewa, chomoa siti, pindua baiskeli, ilale hivyo usiku mmoja. Na nguzo ya siti ya aluminiamu ipakwe grisi, ichomolewe kila baada ya miezi michache. Chumvi ikiingia kati ya aluminiamu na chuma, hushikana kana kwamba vimeyeyushwa pamoja. Yalinikuta mwenyewe kwa uvivu wa miaka miwili: ilibidi niikate nguzo juu, niipasue kwa ndani na msumeno wa chuma kidogo kidogo, mchana mzima, nikiogopa kila mkwaruzo usiguse bomba lenyewe.

Fremu yangu ya kromoli (chuma chenye kromiamu na molibdeni) ina ufa karibu na maungio ya chini. Fundi wa mageti anasema ataichomelea kwa umeme dakika tano. (Tanga)

Ndugu yangu, tafadhali usimpe. Mashine yake imezoea vyuma vya milimita mbili na kuendelea. Kwenye bomba jembamba itatoboa tundu. Isipotoboa, itaacha mshono mgumu, na pembeni yake chuma kilichoungua ambacho kitakatika siku nyingine ukiwa kwenye mteremko.

Tafuta fundi wa gesi anayeunga kwa shaba, wale wanaotengeneza keria na kuunga fremu za baiskeli za mizigo. Shaba inayeyuka na kupenya kwenye maungio huku chuma chenyewe hakiyeyuki. Kwa bomba jembamba sana afadhali madini ya fedha, yanayotaka joto dogo zaidi. Fremu nyingi za zamani zenye viungio vya kuchongwa ziliungwa hivyo tangu kiwandani, ndiyo maana bomba moja linaweza kung'olewa kwa moto na kuwekwa jipya. Mwambie fundi akwangue rangi yote, auone ufa unaishia wapi. Ukiwa umezunguka zaidi ya robo ya bomba, kuziba hakutoshi, bomba libadilishwe.

Kama ni Reynolds 753, jihadhari mara mbili. Chuma hicho kimepitishwa kwenye joto maalumu kiwandani ili kipate nguvu, na moto mkali unaiondoa nguvu hiyo. Enzi zake kiwanda hakikumuuzia mjenzi ambaye hajapima ustadi wake kwanza kwa kutuma maungio ya kukaguliwa. 853 iliyokuja miaka ya 1990 ni kinyume chake, haipotezi nguvu pale inapochomelewa na kupoa hewani.

Ufa ukiwa kwenye foku, usiunge. Nunua foku nyingine.

Klabu yetu wote wana fremu za kaboni. Nikija na chuma si nitaachwa kwenye kila mlima? (Nairobi)

Tupige hesabu. Chukua wewe, baiskeli na maji yako jumla kilo 80. Fremu yako ya chuma ikizidi ya mwenzako kwa kilo moja, hiyo ni sehemu moja ya 80. Kwenye mlima mkali wa nusu saa, nguvu zenu zikiwa sawa, utafika nyuma yake kama sekunde 22. Kwenye mashindano ya kulipwa sekunde hizo ni maisha ya mtu. Kwenye safari yenu ya Jumapili kwenda Ngong, utamkuta bado anafungua chupa.

Mwaka 1972 Eddy Merckx, bingwa wa mbio kutoka Ubelgiji, alipoweka rekodi ya umbali wa saa moja mjini Mexico, kilomita 49.431, alipanda baiskeli ya chuma iliyojengwa na Ernesto Colnago. Yote na magurudumu yake ilikuwa chini ya kilo 6, nyepesi kuliko kilo 6.8 ambazo shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, limeweka leo kuwa uzito wa chini kabisa. Ni kweli ilitobolewa kila palipoweza kutobolewa na ilikuwa ya uwanjani, isiyo na breki. Lakini chuma kilikuwa kilekile. Na Mhispania Miguel Indurain alishinda mbio kubwa za Ufaransa, Tour de France, za 1994 juu ya chuma.

Hela uliyokuwa uongeze kwenye fremu, weka kwenye tairi laini na magurudumu mazuri. Hapo utahisi tofauti kabla hujatoka getini.

Fremu yangu nyuma ina nafasi ya milimita 126, gurudumu nililonunua ni 130. Nimeharibu? (Morogoro)

Hujaharibu. Chuma hukubali kutanuliwa, milimita 2 kila upande. Zingatia kwamba ni chuma tu. Aluminiamu na kaboni usijaribu kamwe.

Pande mbili huwa hazipindi sawa, na hapo ndipo watu wanapokosea. Funga uzi kwenye sikio la nyuma la kulia panapokaa ekseli, upitishe mbele kuzunguka bomba la usukani, urudi nao sikio la kushoto, uukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Kisha vuta upande mmoja kidogo, pima, vuta mwingine, pima. Ukishafika 130, hakikisha masikio yenyewe yanatazamana sambamba, la sivyo ekseli itapinda na gololi za gurudumu zitalia mapema.

Dada yangu anakuja likizo kutoka Leicester na yuko tayari kuniletea fremu mpya. Nimwambie atafute nini? (Arusha)

Mshukuru sana dada, kisha mpe maelezo mafupi asije akapotezwa na muuza duka. Upande wa Reynolds, 525 ni kromoli nzuri ya kuanzia, na 725 ni kromoli hiyohiyo iliyoongezwa nguvu kwa joto. Juu yake iko 853. Upande wa Columbus, Zona inatosha kabisa, na Spirit ni nyepesi zaidi kwa bei kubwa zaidi. Kati ya 725 na 853, kwa barabara zetu, mimi ningechukua 725 na kubakiza hela.

Lililo muhimu kuliko namba hizo ni kwamba fremu ipokee vitu unavyoweza kuvipata hapa. Nyumba ya ekseli ya pedali iwe ya milimita 68 yenye nyuzi za Kiingereza, siyo ya kugongea; ukiigusa mwenyewe kumbuka kwamba upande wa mnyororo hufunguka kinyume. Nguzo ya siti 27.2. Nafasi ya tairi ya milimita 32, kwa sababu lami ya kwetu huisha bila kukuaga.

Wakati wa kufunga mzigo, mwambie akate kipande cha mti cha 130, au kipimo chochote cha fremu hiyo, akibane katikati ya masikio ya nyuma, na kingine kwenye foku. Mabegi ya watu yakirundikwa juu ya boksi, vyuma vya nyuma visivyo na kitu katikati hukunjana kuelekea ndani. Fremu ikifika, usikitupe kipande hicho kabla gurudumu halijaingia.