Bembea ya mtumba: usiipige msasa mkavu

Umeuliza kama kutu ya bembea ya chuma uliyoinunua ikiwa imekwishatumika inaweza kuondolewa kwa msasa mkavu kabla ya kuipaka rangi upya. Hapana, isiondolewe hivyo, kwa sababu rangi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likitua uani huishia kwenye vidole na vinywa vya watoto. Tumia msasa wa maji, lowanisha chuma muda wote, tandika turubai chini na watoto wakae mbali. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu ambayo kopo lake limeandikwa kwamba haina risasi.

Hata hivyo, mimi nikiwa fundi wa kuchomelea naona rangi si tatizo kubwa kuliko miguu ya bembea. Bomba huoza kuanzia ndani, pale linapoingia ardhini, kwa hiyo ligonge kwa nyundo sentimita chache juu ya udongo: likitoa mlio mzito uliofifia, au nyundo ikiacha kibonyeo, kata kipande hicho na uchomelee bomba jipya, wala usikubali kuzibiwa kwa puti. Kulabu za minyororo zilizolika nazo usizinyooshe, nunua mpya na uzibane mpaka uwazi usipitishe hata ukucha. Kiti cha ubao kilichopasuka ni kuni tu.