My Favorite Murder ilianza 2016

Kaka, umeandika kuwa My Favorite Murder, podikasti (kipindi cha sauti cha mtandaoni) ya visa vya mauaji, ilianza 2014, lakini ni Januari 2016. Hiyo 2014 ni ya Serial, podikasti ya Sarah Koenig kuhusu kesi ya mauaji iliyomkabili Adnan Syed kule Baltimore, Marekani, na watu wengi huzichanganya. Karen Kilgariff na Georgia Hardstark wa My Favorite Murder walikuja baadaye, tena hawakutokea kwenye uandishi wa habari za mahakamani. Karen alikuwa mchekeshaji. Nilisikiliza sehemu zao zote za mwanzo kwenye basi la Mbeya kwenda Iringa (pakua kabla ya kuondoka, ukishapita Uyole mtandao unasuasua). Ila za mwanzo wanasimulia kama watu wanaopiga soga sebuleni, usizichukue kuwa ushahidi wa tarehe.

Zile sehemu fupi ndizo wanazosomea visa vya wasikilizaji, vya miji waliyokulia. Sisi wa Iringa tungewatumia cha Mkuu wa Mkoa Dkt. Kleruu, aliyepigwa risasi Isimani siku ya Krismasi 1971. Mkulima aliyempiga, Mwamwindi, aliupakia mwili kwenye gari la marehemu akaupeleka polisi mwenyewe.