Kabla hujamfukuza fundi, uliza kibali kiko kwa nani

Novemba ni mwezi mbaya wa kugombana na fundi hapa Dodoma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na fundi akishakufungua paa anajua huna ubavu. Wangu alijua. Nilikuwa naongeza vyumba viwili na kibaraza nyuma ya nyumba kuukuu niliyonunua Area C. Bati za upande mmoja zimeshashushwa, ndipo ananiambia, "Mama, bila milioni moja na nusu ya kuongezea, kesho vijana hawaji."

Ningemtimua palepale. Kilichonizuia ni rangi nyekundu ukutani. Siku mbili kabla, mkaguzi wa majengo alipita akaandika SIMAMISHA kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka barabarani. Fundi akasema, "Hilo niachie mimi." Nilikuwa nimeshamwachia, tena na hela juu: miezi miwili nyuma nilimpa pesa ya kushughulikia kibali, na kila nikiuliza risiti naambiwa iko kwa jamaa wa ofisini.

Nikaenda mwenyewe halmashauri. Hakukuwa na ombi lolote la kiwanja changu.

Kibali cha ujenzi ni cha mwenye kiwanja. Fundi anakuja na kuondoka, karatasi inabaki na kiwanja. Ada yake hulipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo kama hujaiona kontroo namba, hesabu kwamba hujalipa, hata fundi aape kwa mama yake. Nilikuwa na kosa jingine la kwangu binafsi: aliyeniuzia aliniachia faili lenye karatasi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia viwanja na ujenzi hapa Dodoma, nikadhani zinatosha. CDA ilivunjwa 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, lakini shida haikuwa muhuri wa zamani. Kibali kile kilikuwa cha nyumba iliyochorwa mle, na vyumba vyangu viwili havikuwamo. Kupaka rangi ni jambo moja. Kuvunja ukuta na kuongeza chumba ni jengo jipya mbele ya mkaguzi. Nikatafuta mchoraji, nikakusanya uthibitisho wa umiliki na risiti za kodi ya ardhi, nikapeleka kwa mkono wangu.

Sasa kumwondoa fundi. Tulipatana kwa mdomo tu. Sheria ya Mikataba inayatambua mapatano ya mdomo, ila siku ya kubishana utathibitisha kwa nini? Mimi niliokolewa na miamala ya simu na meseji zake za "mama tuma ya nondo". Usizifute.

Sikumfukuza kwa simu. Nilimwita saiti asubuhi, mjumbe na mtendaji wa mtaa wakiwepo, tukahesabu kilichopo: mifuko ya saruji, nondo, mbao, vifaa vyake na vyangu. Orodha ikaandikwa mstari kwa mstari, kila mtu akasaini. Alinuna, lakini alisaini.

Kupima kazi aliyofanya, usimpe fundi anayetaka kuirithi. Sijawahi kuona fundi anayesifu kazi ya mwenzake. Atakwambia vunja yote, kwa kuwa kuvunja nako ni siku za kulipwa. Nilimlipa mhandisi ambaye nilimwambia mapema kwamba hatapata kazi ile. Akaona mkanda, ile boriti ya zege inayozunguka kuta, umesukwa kwa nondo za milimita 10 wakati nilinunua za 12 (za 12 zilikwenda wapi, Mungu anajua), na kwamba zege halikumwagiliwa vya kutosha. Kwa upepo huu wetu mkavu zege linataka maji walau siku saba, mgao au si mgao. Kuta, hata hivyo, alisema ni nzima. Yule wa kurithi angeziangusha.

Kuna mawili ambayo hakuna aliyenionya. La kwanza ni duka la vifaa: siku hiyohiyo nenda ukamwambie muuzaji kwamba fulani hachukui tena kitu kwa jina lako. Mimi nilichelewa siku moja, nikakuta deni la mifuko sita. La pili ni vibarua. Saidia fundi wawili walikuja getini alfajiri, hawajalipwa wiki mbili. Si mimi niliyewaajiri, lakini ndio waliobeba zege langu. Niliwalipa mkononi, wakasaini, nikaikata hela hiyo kwenye hesabu ya fundi. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha bomba lilipopita chini ya jamvi la zege la sakafu, jambo ambalo bosi wake asingenitajia.

Paa nililifunika kwa maturubai nikingoja kibali, na mvua ya kwanza ilinikuta hivyohivyo. Kilipotoka, nikabandika nakala sebuleni, ya asili nikaficha kabatini.

Pesa ya "kibali" fundi amenirudishia nusu, kidogokidogo, mbele ya mtendaji. Nusu nyingine naisubiri, na yeye anasubiri ngazi yake iliyobaki uani kwangu. Iko kwenye orodha, mstari wa tisa.