Kiwelisi na Kiilokano: zinafanana wapi, zinatofautiana wapi

Umeuliza kama lugha hizi zina undugu, kwa kuwa zote huanza sentensi na kitenzi. Hapana. Kiwelisi, lugha ya Wales huko Uingereza, ni ya familia ya Kiselti; Kiilokano cha kaskazini mwa Luzon, kisiwa cha Ufilipino, ni ya familia ya Kiaustronesia. Ila mpangilio unalingana kweli: "mtoto alisoma kitabu" ni *Darllenodd y plentyn lyfr* kwa Kiwelisi, na *Nagbasa ti ubing iti libro* kwa Kiilokano.

Ugumu uko kwenye kamusi. Kiwelisi hubadilisha herufi ya kwanza: *cath* (paka) huwa *fy nghath* (paka wangu), *ei gath* (wake, mwanamume), *ei chath* (wake, mwanamke). Ukitafuta *nghath* hutaipata. Rudi kwenye c, utafute *cath*. Usiyapuuze mabadiliko hayo, maana hapo *ei* ni ileile, konsonanti ndiyo inayotofautisha mwenye paka.

Kiilokano hubandika mwishoni: *pusa*, *pusak* (paka wangu), *pusam* (wako). Kwenye vitenzi, ng'oa kiambishi (*ag-*) na urudufu, yaani sehemu iliyorudiwa (*bas-*): *agbasbasa* (anasoma), mzizi *basa*. Mzungumzaji wa Kiswahili atazoea hili haraka zaidi, na kiwakilishi *isuna* hakibagui jinsia, kama "yeye" yetu.