Ng'ombe hashiki mimba? Kabla ya kumlaumu dume, angalia hori

Ng'ombe wangu mmoja alipandishwa mara nne bila kushika. Kila baada ya siku 21 hivi joto linarudi, nami nalaumu mbegu, kisha mhimilishaji (fundi anayempandikiza mbegu kwa mrija), kisha bahati yangu. Maziwa alikuwa anatoa mengi, kwa hiyo chakula sikukiwazia kabisa. Siku moja namwogesha dawa ya kupe, mkono ukapita mgongoni: mbavu zinahesabika, mifupa ya nyonga imechongoka.

Mwili wa ng'ombe una foleni yake. Chakula kinaanza kumweka hai, kinafuata maziwa, na uzazi unangoja masalio. Wiki za mwanzo baada ya kuzaa maziwa hupanda haraka kuliko hamu ya kula, basi anayeyusha mafuta ya mwili wake kujaza ndoo yako. Akikonda sana, mayai hayapevuki vizuri, joto huchelewa au hupita kimyakimya.

Nilikurupuka nikammwagia pumba na mashudu kwa wingi. Akaharisha. Nafaka huongezwa kidogo kidogo, na majani ya kutosha yawepo daima. Isitoshe, kazi yenyewe huanza mapema: miezi 2 kabla ya kuzaa, akiwa ameshakaushwa, yaani hakamuliwi tena. Kwenye kipimo cha unene cha 1 (kakonda sana) hadi 5 (kanona sana), azae akiwa 3 au 3.5, yaani mbavu unazipata ukibonyeza ila huzioni kwa mbali. Wala usimnoneshe kupita hapo. Mwingine nilimjaza mafuta. Alizaa kwa taabu, kisha akasusa chakula.

Madini nilikuwa nayachukulia kama mapambo. Chumvi ya mezani haina fosforasi wala seleniamu. Ya kwanza ikipungua joto linaweza kupotea, ya pili ikipungua kondo la nyuma linaweza kung'ang'ania. Weka chumvi ya madini ya mifugo.

Mtamba mpandishe kwa uzito, usihesabu miezi tu: afikie angalau asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Mbuzi na kondoo waliokonda, waongezee lishe wiki 2 au 3 kabla ya dume; mapacha huongezeka.

Ila mwenye mwili mzuri akiendelea kurudia joto, au akitoa usaha, huyo ni wa daktari.

Yule wangu alishika mara ya tano. Tayari nilikuwa nimepoteza karibu miezi 3, na sasa kila Jumapili kabla ya kukamua napitisha mkono mgongoni.