Kabla ya Kununua Pipa la Taka la Mtaa

Mkitaka kuweka mapipa ya taka katika mtaa wowote wa Mji wa Kale wa Lamu, wa kwanza kuulizwa ni mzoa taka mwenye punda wake. Vichochoro vyetu havipitishi lori. Pipa lisilofikiwa na punda aliyebeba shogi, yaani makapu ya mgongoni, litafurika, na baada ya muda mfupi mahali hapo patakuwa jaa.

Sisi wa mtaa wa Langoni tulizunguka na mzoa taka wetu alasiri, wakati wauza viazi karai wamepanga meza na watoto wametoka madrasa. Saa hiyo taka zenyewe hukuonyesha zinapoangukia: mbele ya duka la soda na peremende, kwenye meza za vyakula, na pale njia ya sokoni inapokutana na ya pwani. Wekeni hapo. Mlangoni mwa msikiti au kando ya baraza ya mtu msiweke, hata kama nafasi ipo. Mwenye nyumba atalisogeza usiku, na ana haki.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni mdomo wa pipa. Ukiwa mpana, kila nyumba italeta maganda, matumbo ya samaki na pampasi, na kufikia adhuhuri limejaa. Uwe wa kupitisha chupa na karatasi tu. Taka za nyumbani zizolewe mlangoni. Kifuniko nacho ni lazima, kwa sababu ya kunguru, paka, na zaidi punda wanaorandaranda. Punda akila plastiki huzibika tumbo, na wengine hufa kwa maumivu makali. Wanyama wanaotubebea mawe, mchanga na taka hawastahili kifo hicho.

Chuma huliwa na chumvi ya bahari, basi chagueni plastiki nzito iliyotobolewa chini, maji ya masika yatoke. Kuta za mawe ya matumbawe msizitoboe: mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, ongeeni kwanza na watu wa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya taka ya Kenya ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na nyingine, kwa hiyo nunueni mapipa ya rangi mbili.

Uzoaji ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010. Pateni siku za kuzoa kwa maandishi kabla ya kutoa hata shilingi.

Kisha anzeni na machache yanayohamishika. Yakistahimili siku za Maulidi, wageni wakiwa wamejaa mjini, hapo ndipo muyawekee nguzo za kudumu.